Sura ya 6: Mkono Mmoja Ulio Huru

"Kifuniko cha pikapu nimekinunua kwa pesa nzuri. Mbona kimeishia stoo, na mimi nimerudi kwenye turubai na kamba?"

Swali hili, au ndugu yake, nimeulizwa Deira, mjini Dubai, na madereva wa kago, nimeulizwa Dar es Salaam na wenye maduka, na kila anayeniuliza huwa ameshajilaumu kabla hajafika kwangu. Labda hakujua kukitumia. Labda aliuziwa feki. Labda fundi alikifunga kombo. Jibu langu huwa fupi: mara nyingi kosa ni la msanifu, yaani mtu aliyeamua umbo la kifuniko na namna kitakavyofunguliwa. Alikipima juu ya gari tupu lililoegeshwa, akamsahau mtu mwenye katoni begani.

Sura hii inahusu kifuniko cha kukunja: vipande vigumu viwili, vitatu au vinne vilivyounganishwa kwa bawaba na kulazwa juu ya bodi. Bodi hapa ni ile sehemu ya nyuma, ya wazi, ambayo pikapu hubebea mizigo. Kila kipande nitakiita paneli. Nimechagua Dubai iwe darasa letu kwa sababu jua lake halisamehi kosa dogo la usanifu, pikapu zake za kazi hushinda zikifunguliwa na kufungwa, na magari mengi tunayoendesha Afrika Mashariki yamepita pale kabla ya kutufikia.

## Asubuhi moja Naif

Naif ni mtaa wa Deira wenye maduka ya jumla yaliyobanana bega kwa bega. Wafanyabiashara wa Mombasa, Dar es Salaam na Kampala hununua hapo, na mawakala wa kago hukusanya mizigo yao duka kwa duka kabla ya kuijaza kwenye kontena. Pikapu ya kazi hiyo husimama mara nyingi kabla ya adhuhuri, na kila kituo ni katoni mbili, tatu, basi.

Nilisimama kando ya dereva mmoja, kijana wa Mombasa, nikamwangalia. Alitoka dukani na katoni begani. Akaishusha kwenye lami. Akavuta mkono wa mlango wa nyuma, akaulaza. Akazunguka kushoto, akapenyeza vidole chini ya paneli ya mwisho na kulitafuta komeo kwa kupapasa, maana halionekani. Likaachia. Akazunguka kulia, na la kulia likagoma. Akaigonga paneli kwa kiganja, akainyanyua kidogo kwa mkono wa pili ili kulipunguzia komeo uzito, likaachia. Akakunja paneli ya mwisho juu ya ile ya katikati. Akatafuta mkanda wa kuzifunga paneli zisirudi kwa upepo. Ndipo akainama kuokota katoni yake.

"Kaka, hiki kifuniko ni chako?" nikamuuliza.

"Ni cha tajiri. Kingekuwa changu ningekiacha nyumbani."

Hesabu matendo yake: kushusha katoni, kufungua mlango, kuzunguka, kufungua komeo, kuzunguka tena, kupigana na komeo la pili, kukunja, kufunga mkanda, kuokota. Ni matendo tisa ili katoni moja iingie, na baada ya hapo kuna matendo ya kufunga. Turubai lenye mipira ya kulabu lingemtaka matendo manne au matano. Alipofika duka la tano hakukifunga tena. Mizigo ikabaki wazi kwa jua na kwa mwenye mkono mrefu, na kifuniko chenyewe kikawa mzigo mwingine wa kuzunguka nao mjini.

*Kwa ufupi: ukitaka kujua kama kifuniko ni rahisi kutumia, hesabu matendo ya mtu kuanzia anapofika na mzigo hadi mzigo unapoingia. Hesabu pia ni mangapi yanataka mikono miwili.*

## Si kila mzigo unataka kifuniko hiki

Kabla sijaendelea kukilaumu kifuniko cha kukunja, nikitendee haki. Kazi ya kifuniko hutegemea mara ngapi kitafunguliwa kwa siku. Angalia Hilux za miraa zinazoteremka kutoka Meru kwenda Nairobi. Mzigo hupakiwa mara moja, hufunikwa kwa turubai na kukazwa kwa kamba, na haufunguliwi mpaka ufike. Kwa kazi ya namna hiyo turubai ni bora: ni jepesi, ni rahisi, na likichanika hushonwa. Kumuuzia mtu huyo kifuniko cha paneli ni kumtia hasara.

Kipo kifuniko cha kipande kimoja kikubwa, mara nyingi cha fiba, kinachoinuka kama boneti ya gari na kushikiliwa na shokapu ndogo za gesi. Kinapendeza na kinafunga vizuri, ila ukitaka kubeba friji iliyosimama, lazima ukivue chote na umtafute wa kukusaidia. Kipo pia cha kujiviringisha ndani ya kasha nyuma ya kebini, kama shata la duka. Hicho ni rahisi sana kukitumia kikiwa kipya. Baada ya msimu mmoja wa mchanga wa jangwani kwenye reli zake, mwenyewe atakueleza.

Cha kukunja kimesimama katikati. Kinaruhusu bodi kufunguliwa nusu au karibu yote, kinalindwa na komeo, na mtu mmoja anaweza kukishusha garini akihitaji nafasi yote. Ahadi hiyo ni nzuri, na ndiyo sababu inaniuma kuona inavyoharibiwa na vitu vidogo.

Aina moja ya pikapu ilizaliwa kwa kumsikiliza mtumiaji. Inasimuliwa kwamba huko Australia, miaka ya mwanzo ya 1930, mke wa mkulima aliiandikia kampuni ya Ford akiomba gari moja litakalompeleka kanisani Jumapili na kupeleka nguruwe sokoni Jumatatu. Kijana msanifu wa kiwanda cha Geelong, Lewis Bandt, akachora gari lenye kebini ya staha mbele na bodi ya mizigo nyuma, vikiwa umbo moja. Lilitoka mwaka 1934. Barua ile, kama inavyosimuliwa, haikutaja injini wala nguvu za farasi. Ilitaja siku mbili za juma la mtu na alichobeba kila siku. Vifuniko vyetu vingi vimechorwa na watu wasiopata barua ya namna hiyo.

## Uzito hauishii kwenye mizani

Chukua pikapu ya kebini ya milango minne. Bodi yake ina urefu wa karibu mita moja na nusu na upana karibu huohuo. Ukiifunika kwa bati la chuma la milimita mbili, bati peke yake litakuwa na kilo 35. Kwa aluminiamu ya unene huohuo ni kilo 12. Ndiyo sababu watengenezaji hupenda aluminiamu, na hapo hawajakosea. Ongeza fremu, bawaba, mipira na makomeo, tuseme kifuniko kimefika kilo 18, yaani kilo sita kwa kila paneli kati ya tatu.

Kilo sita ni nini? Ni kama ndoo ya lita sita za maji, na mtoto wa darasa la tano anaibeba. Paneli ikiwa imeshikwa na bawaba upande mmoja, unanyanyua karibu nusu tu ya uzito wake. Mkunjo wa kwanza basi ni kilo tatu. Mkunjo wa pili unainua paneli mbili zilizolaliana, kwa hiyo ni kilo sita mkononi. Kwenye karatasi kila kitu kiko sawa.

Shida ni mahali mikono ilipo. Mlango wa nyuma ukilazwa hutokeza kama nusu mita kuelekea kwako. Umesimama mwisho wake, na paneli unayotaka kuinua iko mbele zaidi, juu ya usawa wa kifua chako. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, ina kanuni ya kukadiria mzigo ambao mtu anaweza kuuinua bila kuumiza mgongo. Huanzia kilo 23, mzigo ukiwa karibu kabisa na mwili. Mikono ikifika sentimita 50 mbele ya vifundo vya miguu, kilo hizo hupunguzwa nusu, na zinaendelea kushuka kadiri unavyojinyoosha, kadiri unavyojipinda kiuno, na kadiri unavyorudia kazi ileile. Dereva wa Naif anajinyoosha, anajipinda, na anarudia siku nzima. Kilo sita zake si sawa na kilo sita za mwenye duka anayekuonyesha kifuniko mara moja huku akitabasamu.

Dawa yake haihitaji kiwanda kipya. Paneli ya mwisho, iliyo karibu na mtu, ifupishwe kidogo kuliko nyingine ili mkunjo wa kwanza uwe mwepesi na wa karibu. Ukingo wake uwekewe utepe wa kushika upande wa chini, urefu wa kiganja, ambao mtu anaufikia mlango ukiwa bado umefungwa. Mkunjo wa pili usaidiwe na shokapu ndogo ya gesi au springi ya kujinyonga ndani ya bawaba, ili paneli ikifika nusu ya njia ijiinue yenyewe. Mtu mfupi, na wengi wetu si warefu kama mtu wa kwenye tangazo, asilazimike kupanda tairi.

## Jua la Julai

Mwezi wa Julai Dubai hupita nyuzi joto 40 siku nyingi, na unyevu wa bahari juu yake. Serikali huzuia kazi za nje juani kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa mchana, tangu Juni 15 mpaka Septemba 15 ya kila mwaka. Bati jeusi lililoanikwa saa hizo hupita nyuzi 60, na ukilishika kwa mkono mtupu utaliachia kabla hujajua kama umelishika.

Sasa rudi kwenye lile komeo la kulia lililogoma.

Metali ikipata joto hutanuka. Paneli ya aluminiamu yenye upana wa mita moja na nusu, ikitoka nyuzi 20 za asubuhi ya Januari hadi nyuzi 65 za mchana wa Julai, huongezeka upana kwa takriban milimita moja na nusu. Chuma cha bodi kilicho chini yake, hata kingepata joto lilelile, hutanuka karibu nusu ya hapo. Fundi aliyefunga makomeo asubuhi yenye ubaridi, ndani ya karakana yenye kiyoyozi, akayabana barabara yasitikisike, ametengeneza kifuniko kinachofanya kazi karakanani tu. Mchana ulimi wa komeo hubanwa kwenye tundu lake. Dereva hugonga, hunyanyua, hulaani. Wala komeo halijaharibika. Limenyimwa nafasi ya kupumua.

Msanifu anayejua jambo hili huliacha tundu liwe la umbo la yai, refu upande wa utanukaji, na ulimi wa komeo huuchonga mshazari ili uingie wenyewe hata paneli ikisogea milimita mbili au tatu. Springi humalizia kazi. Ni kazi ya tupa na dakika kumi.

Kisha kuna mikono yenyewe. Chuma na aluminiamu hupeleka joto kwenye ngozi haraka sana. Plastiki ngumu, mpira au utepe wa nailoni, vikiwa na joto lilelile, hulipeleka polepole, na mtu hupata muda wa kuvuta na kuachia. Kwa hiyo kila mahali panapoguswa pawe pa kitu kisicho metali, na pawe chini ya ukingo, kivulini. Nimeona vifuniko vya bei kubwa vyenye vishikio vya chuma kinachong'aa kama kioo. Vinauzwa Dubai! Aliyevichora hajawahi kufungua pikapu saa nane mchana.

Mipira ya pembeni, ile inayozuia maji na vumbi, huugua pia. Mpira wa aina duni hukauka juani, hupasuka vijistari, kisha hung'ang'ania rangi ya gari na kunyofoka kila ukifungua. Ulizia mpira wa EPDM, ambao ni aina iliyotengenezwa kuhimili jua na hewa, ndiyo hiyohiyo inayowekwa kuzunguka milango ya magari. Na usipake grisi kwenye bawaba zilizo wazi. Grisi hukusanya mchanga, na mchanga uliochanganyika na grisi husaga bawaba kama msasa. Tumia dawa kavu ya silikoni, kidogo, baada ya kupangusa.

*Kwa ufupi: acha nafasi ya metali kutanuka, weka vishikio visivyochoma, chagua mpira unaohimili jua, na usilishe bawaba mchanga.*

## Upepo, mvua na chumvi

Hewa inayokimbia kilomita 100 kwa saa huibana sehemu iliyosimama wima mbele yake kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 47 kwa kila mita ya mraba. Paneli moja iliyoachwa imesimama, ya mita moja na nusu kwa nusu mita, hubeba basi zaidi ya kilo 35 za upepo kwenye bawaba zake. Ukipunguza mwendo hadi 50, nguvu hiyo hushuka hadi robo yake, karibu kilo tisa. Ndiyo maana kifuniko kinachotulia mjini hung'oka barabara kuu ya kwenda Abu Dhabi. Dereva wetu wa Naif alilazimika kufunga mkanda kila mara kwa sababu hiyo, na mkanda ule ulikuwa na kifungo cha kupitisha na kukaza, cha mikono miwili. Sumaku yenye nguvu au kibanio cha kujifunga chenyewe paneli inapolala juu ya nyingine kingemwondolea tendo zima, mradi kiwe na mkanda wa akiba kwa safari ndefu.

Kuhusu mvua, watu wa Ghuba walikuwa wakisema haihusu. Tarehe 16 Aprili 2024 ikawanyamazisha. Siku ile Falme za Kiarabu zilipata mvua kubwa kuliko zote tangu kumbukumbu zianze kuwekwa mwaka 1949. Khatm Al Shakla, upande wa Al Ain, palipimwa zaidi ya milimita 250 kwa muda usiofika saa 24. Hakuna mpira wa kifuniko unaozuia maji ya namna hiyo, na mimi simlaumu mtengenezaji kwa hilo. Namlaumu aliyesahau mifereji. Kifuniko chema hukubali kwamba maji yatapenya kwenye viungo vya paneli, huyapokea kwenye mfereji mdogo chini ya bawaba, na kuyatoa kwa vibomba kwenye pembe za mbele. Ukiishi Tanga au Mombasa, ambako masika huja kila mwaka bila kusubiri rekodi, jambo hili liweke juu kuliko rangi.

Adui wa tatu huja kimyakimya. Dubai, Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam zote ziko pwani, na hewa ya pwani ina chumvi. Metali mbili tofauti zikigusana huku zimelowa maji ya chumvi, hufanya kama betri dhaifu, na ile iliyo nyonge zaidi huliwa. Aluminiamu ikifungwa kwa bolti za chuma, aluminiamu ndiyo huliwa. Utaona unga mweupe kuzunguka bolti, kisha tundu linapanuka, kisha bawaba inalegea na paneli inakaa upande. Washa ya nailoni, kipande cha plastiki cha bei ya pipi, kikiwekwa katikati, husaidia kutenganisha metali hizo mbili na kuokoa kifuniko kizima.

## Usukani uko upande gani?

Ras Al Khor, pembezoni mwa Dubai, lipo eneo huru la biashara ya magari liitwalo Ducamz. Hapo hufika magari yaliyotumika kutoka Japani, yenye usukani kulia, ambayo kwa kawaida hayasajiliwi kutembea barabara za Dubai. Yanasubiri wanunuzi wa Kenya, Uganda, Tanzania na nchi nyingine zinazoendesha upande wa kushoto. Kongo, Rwanda na Burundi huendesha kulia kama Dubai, kwa hiyo pikapu za usukani wa kushoto kutoka Ghuba huweza kwenda huko moja kwa moja.

Jambo hili linakihusu vipi kifuniko? Linahusu sana. Dereva wa Dubai hushuka upande wa kushoto, dereva wa Dar es Salaam hushuka kulia. Kokote kule, dereva hushuka upande wa magari yanayopita, na mlango wa duka uko upande wa pili, kwenye ukingo wa barabara. Kifuniko kinachofunguliwa kwa kuzunguka pande zote mbili humlazimisha mtu asimame barabarani kwa kila katoni, iwe Naif au Kariakoo. Hapo suala limeshavuka mipaka ya raha na kuingia kwenye usalama wa maisha.

Na dawa imekuwa mbele ya macho yetu siku zote. Tazama mlango wa nyuma wa Hilux ya kisasa. Una mkono mmoja katikati. Ukiuvuta, fito mbili zilizofichwa ndani ya mlango huvuta makomeo ya kushoto na kulia kwa wakati mmoja. Mtu hasimami pembeni, hapapasi kitu asichokiona, na mkono wake wa pili uko huru. Hakuna dereva anayehitaji kufundishwa mlango wake. Kifuniko kingefuata mfano huohuo: utepe mmoja katikati ya ukingo wa nyuma, kebo mbili kama za breki za baiskeli, makomeo mawili yanayoachia pamoja. Wapo watengenezaji wanaofanya hivyo, na ukiwahi kutumia kifuniko chao huwezi kurudi kwenye kupapasa. Dereva wa Naif angetoka matendo tisa hadi matatu: kuvuta, kukunja, kuingiza katoni. Mlango wa nyuma asingeugusa kabisa kwa mzigo mdogo, na katoni isingeshuka begani.

## Anzia kwenye mbao laini

Kwa fundi anayesoma sura hii, uwe Al Quoz ya Dubai, Gerezani ya Dar es Salaam au Kamukunji ya Nairobi, naomba ufanye jambo moja kabla ya kukata aluminiamu. Tengeneza kifuniko cha mbao laini za plaiwudi na bawaba za mlango wa kabati. Gharama yake ni ndogo. Kiweke kwenye pikapu ya mtu anayefanya kazi kweli, kisha usiseme neno. Mwangalie asubuhi nzima. Andika ni wapi ameshusha mzigo, wapi ametumia mikono miwili, wapi amepanda tairi, wapi amekasirika. Usimuulize kama anakipenda, maana kwa adabu zetu atakujibu, "Kizuri, fundi," na hutajua lolote.

Siku ya pili mpe mtu mfupi. Siku ya tatu mpe mama anayepeleka mboga sokoni alfajiri, gizani, taa ya simu ikiwa mdomoni. Mabadiliko yote utakayofanya kwenye plaiwudi ni msumeno na dakika chache. Mabadiliko hayohayo baada ya kukata aluminiamu ni hasara, na hasara ndiyo humfanya fundi atetee kosa lake badala ya kulirekebisha.

Kwa mnunuzi, haya ndiyo ya kujaribu kabla pesa haijatoka mfukoni:

- Fungua kwa mkono mmoja, mlango wa nyuma ukiwa umefungwa.
- Kitafute kishikio ukiwa umefumba macho. Usipokipata haraka, usiku hutakipata.
- Kunja paneli zote ukiwa chini, bila kupanda popote.
- Tikisa paneli iliyokunjwa. Ikicheza sasa, barabarani itapiga kelele na kung'oa bawaba.
- Mwaga jagi la maji kwenye kiungo cha paneli, kisha chungulia ndani yanakwenda wapi.
- Angalia bolti kama zina washa za plastiki zinapogusa aluminiamu.
- Rudi mchana wa jua kali, ufungue tena.

La mwisho wauzaji hawalipendi. Watakuambia gari liko kivulini, mteja mwingine anasubiri, bei itapanda kesho. Subiri mchana. Kama komeo litagoma, ligome mbele ya muuzaji kabla halijakugomea wewe.

Na unapokwenda dukani, chukua katoni yako, ile unayoibeba kila siku, ikiwa na uzito wake wa kweli. Iweke begani, msogeze muuzaji kando kwa heshima, na ufungue kifuniko hicho bila kuishusha. Ukilazimika kuishusha, usinunue.